Kilichoning'inia Hakijayeyuka

Mvua kubwa ikipiga Ukambani, watu wa Malindi huletewa habari na mto. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupokea maji ya Mto Tsavo ukaitwa Galana, na ukikaribia pwani jina lake huwa Sabaki. Humwagika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, na siku za mafuriko maji yake huwa ya kahawia iliyokolea. Upepo wa kaskazi huyasukuma kusini yakaingia kwenye ghuba ya mji. Kusi ikishika, huelekea upande wa Mambrui. Mgeni aliyekuja kuogelea husema bahari imechafuka. Mwenyeji anajua kwamba ule ni udongo wa bara, umesafiri mamia ya kilomita, na njia nzima haukuyeyuka.

Hapo kwenye kutoyeyuka ndipo penye habari yote. Tia chumvi kwenye maji ukoroge, nayo itagawanyika hadi kuwa ioni moja moja. Maji yatabaki maangavu, na hata ukiyafunika ukayaacha mwaka mzima, chumvi haitashuka chini. Huo ni mmumunyo. Tia udongo sasa, ukoroge kwa nguvu zako zote: utapata maji ambayo kila chembe ya udongo imebaki vilevile ilivyokuwa, imezungukwa na maji tu, inangoja utulivu ili ishuke. Mchanganyiko wa namna hii wanakemia huuita suspensheni. Chembe zake kwa kawaida huzidi mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwanga hugongana nazo ukatawanyika, ndiyo maana huoni upande wa pili wa glasi. Kati ya hizo mbili kuna koloidi, kama yalivyo maziwa, ambazo chembe zake ni ndogo mno kuweza kutuama zenyewe, ila zinatosha kuutawanya mwanga.

Shuleni somo hili humalizwa kwa kipindi kimoja. Mwalimu husaga chaki, huitia kwenye maji, wanafunzi wananakili jedwali la tofauti tatu, na mada inafungwa. Naona linastahili muda mrefu zaidi, kwa sababu mambo mengi ya nyumbani na shambani huharibika pale mtu anapokichukulia kitu kilichoning'inia kana kwamba kimeyeyuka. Dawa ya mtoto iko humo, na dawa ya nyanya, na maji ya kunywa, na bwawa la umeme pia.

Hesabu ya kuzama kwa chembe tulipewa na George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa profesa wa hisabati Cambridge. Mwaka 1851 alichapisha utafiti kuhusu jinsi hewa inavyoupunguza mwendo wa pendulamu, na ndani yake ikapatikana kanuni ambayo wahandisi wa maji na wafamasia wanaitumia hadi leo. Chembe huzama haraka ikiwa nzito kuliko maji yanayoizunguka, na huzama polepole kimiminika kikiwa kizito na chenye kunata. Lakini kinachotawala kuliko vyote ni ukubwa wake, kwa sababu kasi hufuata mraba wa kipenyo. Chembe iliyo ndogo mara kumi huzama polepole mara mia.

Tuiweke kanuni hiyo kwenye maji ya kawaida. Punje ya mchanga laini yenye kipenyo cha milimita 0.1 hushuka mita moja kwa muda usiofika dakika mbili. Chembe ya tope yenye milimita 0.01 huhitaji kama saa tatu kwa mita hiyohiyo. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 huhitaji siku zipatazo 13, tena ndani ya maji yasiyotikisika kabisa. Mto unaokwenda hautoi siku 13 za utulivu mahali popote. Mchanga huachwa njiani, kwenye kona na kwenye vina, mfinyanzi ukasonga mbele hadi Malindi.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, teka maji ya mto uliofurika kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, uifunge, uitikise, uiweke mezani penye mwanga. Kabla hujavuta kiti, mchanga umeshafika chini, na ukisogeza jicho utaziona punje moja moja zikigonga kitako cha chupa. Baada ya hapo huja tabaka laini la rangi iliyofifia kidogo, ambalo hujipanga juu ya mchanga bila kuonyesha punje yoyote. Saa kadhaa zitapita na maji ya juu yatabaki na ukungu. Asubuhi ya pili, ukungu ungalipo. Inamisha chupa taratibu: mchanga utabaki mahali pake, lakini lile tabaka la juu litateleza na kupanda kama moshi, kisha safari ianze upya. Chupa nzima imejipanga kwa ukubwa, kubwa chini, ndogo juu. Wanajiolojia huusoma mpangilio huohuo kwenye miamba ya kale na kutambua mahali ambapo maji yenye mashapo yaliwahi kutulia.

Mabwawa yetu nayo ni chupa hiyo iliyokuzwa. Mto ukiingia kwenye bwawa hupoteza kasi, na kilichokuwa kimebebwa na msukosuko wa maji hutuama. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limepokea mashapo mengi kuliko wasanifu wake walivyotarajia. Kila tani ya udongo iliyotuama humo imechukua nafasi ya maji, na hakuna njia rahisi ya kuitoa. Tiba iko juu ya mto, kwenye mashamba ya miteremko, kwenye matuta na kingo zenye majani. Mhandisi wa umeme anamtegemea mkulima ambaye hajawahi kuonana naye.

Kuna mpaka ambao chembe ikiwa ndogo kuupita, kuzama hukoma kuwa na maana. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Scotland, Robert Brown, aliangalia kwa hadubini chembe zilizotoka ndani ya chavua zikiwa majini, akaziona zinatetemeka na kuhangaika bila kukoma. Zaidi ya miaka 70 baadaye, mwaka 1905, Albert Einstein alieleza kwa hesabu kwamba chembe hizo zinapigwa kutoka kila upande na molekuli za maji. Kubwa haitikisiki kwa mapigo hayo. Ndogo hurushwa huku na huku, na kila inapotaka kushuka hupandishwa tena.

Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyeichukua hoja hiyo na kuifikisha mahali ambapo hakuna aliyeweza kuipinga. Kuanzia mwaka 1908 alitengeneza suspensheni ya utomvu wa manjano wa miti ya Asia, uliokuwa ukitumiwa na wachoraji kama rangi. Alizichambua punje zake hadi akapata zenye ukubwa mmoja, akaweka tone chini ya hadubini na kuzihesabu kwa ngazi: ngapi ziko karibu na kitako, ngapi juu yake kidogo, ngapi juu zaidi. Katika jaribio lake linalotajwa sana, kila alipopanda mikromita 30, idadi ilipungua kwa karibu nusu. Hewa tunayovuta nayo hupungua kwa nusu kadiri tunavyopanda, isipokuwa kwamba kwake inahitajika kupanda zaidi ya kilomita 5. Sheria ni moja. Kilichotofautiana ni uzito wa kinachoelea. Kutokana na tofauti hiyo Perrin aliweza kukokotoa idadi ya molekuli katika kiasi maalumu cha maada, wakati ambapo wanasayansi wakubwa kadhaa walikuwa bado wanashuku kama atomu zipo kweli. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1926. Ubishi uliodumu tangu enzi za Wagiriki ulimalizwa na tone la maji yenye punje za rangi.

Turudi kwenye mfinyanzi, maana nao una siri yake. Ukubwa peke yake hauelezi kwa nini ukungu wa maji ya mto hung'ang'ania kiasi kile. Chembe zinagongana muda wote, na zingeweza kushikana zikawa kubwa zikazama. Zinazuiwa na umeme. Uso wa chembe ya mfinyanzi una chaji hasi, jirani yake ana chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Kila moja hubaki pweke, na kwa kuwa ni pweke ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo haizami.

Wazee wetu wa pwani na wa bara walioweka kipande cha shabu nyumbani walikuwa na ufumbuzi mkononi. Jiwe la shabu linaonekana kama barafu iliyofifia, na ladha yake hukaza ulimi. Mama hulishika, hulizungusha ndani ya ndoo ya maji ya tope mara kadhaa, hulitoa na kuliweka juani likauke. Mwanzoni huoni kitu. Kisha maji huanza kuvunjika: ule ukungu uliokuwa sawasawa unajikusanya kuwa vijiwingu vidogo, vijiwingu vinashikana kuwa mabonge mepesi, na mabonge yanaanza kushuka taratibu, yanazoa vumbi lililo njiani. Maji huangaza kuanzia juu. Ndani ya shabu kuna aluminiamu, ambayo ioni yake ina chaji chanya tatu. Huzima chaji hasi ya mfinyanzi, na chembe zilizokuwa zinakimbiana zinaweza kugusana zikashikana. Mabonge hayo ni ya wazi na yamejaa maji ndani, kwa hiyo hayazami kwa kasi ambayo jiwe la ukubwa wake lingezama. Hata hivyo kazi iliyohitaji siku nyingi hukamilika kwa saa chache.

Chumvi ya bahari hufanya kazi hiyohiyo bila mtu kuiamuru. Mfinyanzi uliokaa pweke kutoka Nairobi hadi Malindi, au kutoka Kilombero hadi delta ya Rufiji, ukikutana na maji ya chumvi hupoteza kinga yake ya chaji, hushikana na kutuama. Delta hujengwa hivyo, na mikoko ya Rufiji imesimama juu ya udongo ulioshuka kwa njia hiyo.

Kwenye Sabaki, mkutano huo wa mto na bahari umeacha hati. Udongo wa mto hubeba madini ya bariamu yaliyojibandika juu ya chembe zake. Ukifika kwenye chumvi, bariamu huachiliwa ikayeyuka, na matumbawe yanayojenga mifupa yake kwa kalsiamu ya bahari huichukua pia kidogo. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kulipima tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kwa karibu karne mbili kiwango cha bariamu kilitulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, wakati ambapo serikali ya kikoloni na walowezi walikuwa wakibadilisha matumizi ya ardhi bara, misitu ikakatwa na ardhi ikalimwa. Hakuna karani aliyekaa kando ya mto kuandika udongo uliopotea miaka hiyo. Tumbawe liliandika. Na linapoandika ndipo linapoumia, kwa sababu tumbawe linaishi kwa mwanga, na mashapo huuziba mwanga na kulifunika.

Shabu si dawa pekee ya maji ya tope. Nchini Sudan, wanawake wa kando ya Nile wamekuwa wakisafisha maji ya mafuriko kwa mbegu za mlonge, na kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliieleza mbinu hiyo kwa lugha ya maabara. Mbegu kavu humenywa, hutwangwa, unga wake huchanganywa na maji safi kidogo na kuchujwa kwa kitambaa. Kinachopatikana humiminwa kwenye maji ya tope, yakakorogwa haraka kwanza, kisha polepole kwa dakika kama kumi, yakaachwa saa moja au zaidi. Protini za mbegu hiyo zina chaji chanya, kwa hiyo hufanya kazi ya shabu. Mlonge tunao tele, Tanga, Kilifi, Lindi. Tahadhari yake ni kwamba unaacha mabaki ya mmea ndani ya maji, na maji hayo hayafai kuhifadhiwa. Yatumike siku hiyohiyo, tena baada ya kuchemshwa.

Naomba hapo kwenye kuchemsha pasipitwe haraka. Maji yakiangaza, jicho linaridhika, na wengi hunywa. Bonge la shabu linaposhuka hushuka na vijidudu vingi, lakini si vyote, na vilivyobaki havionekani. Upande wa pili, anayetia klorini kwenye maji ambayo bado yana tope anapoteza dawa, kwa sababu klorini huishia kupambana na uchafu, na vijidudu hujificha ndani ya chembe. Shirika la Afya Duniani hushauri ukungu wa maji uwe chini ya NTU 1, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa maji, ili klorini ifanye kazi yake sawasawa. Mitambo ya Ruvu inayoinywesha Dar es Salaam, wa Juu wa mwaka 1959 na wa Chini wa mwaka 1976, hufuata mpango huohuo: kwanza dawa ya kugandisha tope, kisha kutuamisha, kisha kuchuja kwa mchanga, na mwisho klorini. Magharibi mwa Kenya, ambako familia nyingi zilitegemea maji ya mito na mabwawa yenye tope, ilijaribiwa pakiti ya unga yenye vitu vyote viwili pamoja, chumvi ya chuma ya kugandisha tope na klorini ya kuua vijidudu, pakiti moja ya gramu 4 kwa lita 10. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuhara kumepungua. Anayetumia shabu au mlonge nyumbani aufuate mpangilio huo: tope lishuke kwanza, maji ya juu yahamishiwe chombo kingine, ndipo yachemshwe au yatiwe klorini.

Hata ndani ya mishipa yetu mnapita suspensheni. Chembe nyekundu za damu hazijayeyuka katika utegili. Zimening'inia, na moyo ndio unaozikoroga. Damu iliyozuiwa isigande ikisimamishwa kwenye mrija, chembe hushuka. Daktari Edmund Biernacki wa Poland alionyesha mwaka 1897 kwamba kasi ya kushuka huko hubadilika kwa mgonjwa, na hadi leo maabara za hospitali husoma milimita zilizoshuka kwa saa moja na kuandika ESR. Chembe za mtu mzima wa afya zina chaji hasi, hukwepana na kushuka taratibu. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, protini fulani huongezeka kwenye damu, chembe hushikana kwa kupangana kama sarafu, na safu nzima huzama haraka. Ni hadithi ya mfinyanzi na shabu, ila safari hii inampa daktari dokezo.

Mkulima wa nyanya hukutana na jambo hili kila anapofungua pakiti ya dawa ya ukungu. Nyingi za dawa hizo ni unga usioyeyuka, na kwenye lebo mara nyingi zimeandikwa herufi WP. Mtu huchanganya bomba la mgongoni, huliweka chini, huzungumza na jirani, hurudi na kuanza kupulizia. Kwa muda huo unga umeshashuka. Bomba hunyonya karibu na kitako, kwa hiyo mistari ya kwanza hupata dawa kali inayoweza kuunguza majani, na mistari ya mwisho hupata maji. Wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi upande mmoja wa shamba, na lawama zinamwendea muuza pembejeo kwamba ameuza dawa feki. Dawa feki zipo sokoni, na ni janga. Lakini kabla ya kumshitaki mtu, mkulima ajiulize kama aliutikisa mzigo wake kila alipotua. Na unga uchanganywe kwanza na maji kidogo kwenye ndoo hadi uwe uji laini usio na madonge, ndipo umiminwe kwenye bomba na kujaziwa maji.

Sasa tufike mahali panaponisukuma kuandika haya, nako ni kabatini kwenye dawa ya mtoto.

Dawa nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji, na nyingine zikiyeyuka huwa chungu kiasi kwamba mtoto hutema. Ikibaki katika chembe, ulimi hauionji sana. Tena mtoto mdogo hawezi kumeza kidonge. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza suspensheni, ambayo mitaani tunaiita dawa ya maji au sirapu bila kutofautisha. Tofauti ni kubwa. Katika sirapu halisi dawa imeyeyuka, na kila kijiko kina kiasi kilekile. Katika suspensheni dawa iko kwenye chembe, na chembe zinashuka tangu dakika unapoiweka chupa mezani.

Chukua amoksilini ya watoto, ambayo karibu kila nyumba yenye mtoto imewahi kuiona. Huuzwa ikiwa unga mkavu ndani ya chupa kwa sababu ikikaa kwenye maji huharibika siku hadi siku. Mfamasia au mzazi hugonga chupa ili unga ulegee, hutia sehemu ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, hutikisa hadi unga wote ulowe, kisha hujaza hadi kwenye alama na kutikisa tena. Kutoka hapo dawa ina siku 7, au 14 ikiwa lebo inaruhusu na imehifadhiwa kama ilivyoelekezwa. Ikiwa imeandikwa miligramu 125 kwa kila mililita 5, ahadi hiyo ni ya chupa iliyotikiswa. Chupa isiyotikiswa humpa mtoto dawa hafifu siku za kwanza, wakati vijidudu ni vingi na vinahitaji kupigwa kwelikweli, halafu humpa dawa nzito mwishoni. Mzazi atasema dawa haikufanya kazi. Vijidudu vilivyoguswa na dozi pungufu vimepewa nafasi ya kuizoea.

Watengenezaji hujitahidi kuzuia hali hiyo. Hutia gundi zinazoongeza mnato, kwa kuwa Stokes alishaonyesha kwamba kimiminika kizito huchelewesha kuzama. Pia kuna ujanja unaoshangaza. Chembe zikiachwa zikwepane kabisa, zitashuka polepole sana, lakini zikifika chini zitajipanga kwa kubanana hadi ziwe tabaka gumu ambalo mkono wa mama hauwezi kulivunja. Mara nyingi mfamasia wa kiwandani huchagua kuziacha zishikane kwa ulegevu: zitashuka mapema, ila zitakaa chini zikiwa zimepwaya, na mtikiso mdogo utazirudisha juu. Dawa hiyo imetengenezwa kwa kutegemea mkono wako. Usipoitikisa, umeiondolea sehemu ya utengenezaji wake.

Kuna dawa ambayo kutoyeyuka ndiyo faida yake. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni suspensheni ya chembe ndogo za homoni. Zikishaingia mwilini huyeyuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na ndiyo maana sindano moja hutosha muda wote huo. Muuguzi anayekitikisa kichupa kwa nguvu kabla ya kuvuta dawa anahakikisha kwamba mama amepata chembe zote anazostahili.

Njia nyingine ni kuiepuka chupa kabisa. Dawa mseto ya malaria kwa watoto ilipatikana mwaka 2009 ikiwa kidonge kinachotawanyika kwenye maji kidogo. Kabla ya hapo kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na ripoti yake ya mwaka 2008 iliongozwa na Dkt. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara. Ilionekana kinaponya sawa na vidonge vya kawaida vilivyosagwa. Kidonge cha namna hiyo kikiguswa na maji hutawanyika, kikawa suspensheni ya dozi moja inayonywewa papo hapo, na chombo kikasuuzwa kwa maji kidogo ambayo mtoto hunywa pia. Hakuna chupa ya kukaa kabatini, hakuna dozi ya kwanza hafifu na ya mwisho nzito. Zinki ya mtoto anayeharisha hutolewa hivyohivyo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza amoksilini ya nimonia kwa watoto iwe ya kutawanyika. Kwangu mimi, zahanati ikiwa na chaguo, kidonge hiki kitangulie chupa.

Lakini chupa bado zipo na zitaendelea kuwepo, kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Ndugu muuza dawa, usimpe mzazi chupa ya unga na maelezo ya haraka dirishani. Ichanganye mbele yake ukiweza, umwonyeshe inavyotikiswa, na umpe bomba la sindano lisilo na sindano au kipimo chenye alama, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Nawe mzazi, geuza chupa kichwa chini na uangalie kitako chake kwenye mwanga. Ukiona tabaka limebaki, endelea kutikisa hadi lisionekane, kisha pima mara moja kabla dawa haijaanza kushuka tena. Fanya hivyo kila dozi, hata kama uliitikisa saa nane zilizopita, hata usiku wa manane mtoto analia na umeme umekatika. Siku zilizoandikwa kwenye lebo zikiisha, kilichobaki kisihifadhiwe kwa ajili ya mtoto mwingine.